Moyo umerudi, toba iko wapi?



Watanzania wengi tulianza kuzoea tamthilia za Kichina mwaka 2011, TBC ilipoonyesha "Doudou na Mama Wakwe Zake" ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Tuligundua kwamba ugomvi wa mkwe na mama mkwe hauna taifa. Lakini Wachina wana aina nyingine ya sinema yenye mizizi ya kale zaidi: sinema za mapepo, za mbweha wanaojigeuza wanawake, na za wafu wanaorudi kudai haki yao. Mojawapo ni Painted Skin, yaani Ngozi Iliyochorwa, iliyotoka mwaka 2008 ikiongozwa na Gordon Chan. Hong Kong iliipeleka filamu hiyo kuwania tuzo ya Oscar kwa filamu za lugha za kigeni, na mwaka 2012 ikafuatiwa na sehemu ya pili.

Najua kuna msomaji atakayeuliza: safu ya Jumapili na mapepo ya Kichina wapi na wapi? Swali ni la haki. Jibu langu ni mtume Paulo. Alipofika Athene, mji uliojaa sanamu, hakuziba masikio. Alizunguka akatazama madhabahu zao, na alipohubiri aliyataja maneno ya washairi wao wenyewe (Matendo 17). Hakuiabudu miungu yao, ila alipokuta jambo la kweli mdomoni mwao alilichukua, akalitumia kuwaelekeza kwa Mungu wa kweli. Nasi leo tufanye hivyo. Hatujifunzi uganga. Tunasikiliza kisa cha watu wa mbali, kisha tunakipima kwa Neno.

Katika filamu hiyo, kamanda wa jeshi aitwaye Wang Sheng anamwokoa msichana mrembo mikononi mwa majambazi wa jangwani na kumleta nyumbani kwake. Msichana huyo, Xiaowei, kumbe ni mbweha aliyevaa ngozi ya binadamu, na ili ngozi isichakae lazima ale mioyo ya watu. Mjini watu wanaanza kuokotwa wakiwa maiti, vifua vimepasuliwa. Anayeng'amua mambo ni Peirong, mke wa kamanda. Anasema, lakini kumwamini ni vigumu: mgeni ni mpole, ni mzuri, na mwenye nyumba mwenyewe ameanza kumwota usiku. Mwishowe Peirong anakubali kunywa sumu inayombadilisha sura, aonekane yeye ndiye pepo, ili mumewe asidhurike.

Hiyo ni filamu, na filamu imekitia kisa mapenzi mengi. Kisa chenyewe cha asili ni kifupi, kikavu na kikali zaidi. Naona ndicho kinachotufaa hasa sisi tunaokwenda ibadani kila Jumapili.

Mwalimu aliyeshindwa mitihani

Aliyekiandika ni Pu Songling, aliyezaliwa mwaka 1640 katika eneo la Zichuan, jimbo la Shandong, na kufariki mwaka 1715. Zamani hizo China ilikuwa na mitihani mikubwa ya serikali, na aliyefaulu ngazi za juu aliweza kupata madaraka, heshima na mali. Pu alianza vizuri. Mwaka 1658, akiwa kijana, aliongoza katika ngazi ya kwanza. Baada ya hapo akakwama. Alirudia mtihani wa jimbo mara nyingi kwa miaka mingi, na kila mara alishindwa. Alipita miaka 70 ndipo akapewa cheo cha kumfuta machozi. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi kwa kufundisha watoto katika nyumba ya familia tajiri.

Usiku aliandika. Alikusanya visa vya ajabu, akavisuka upya kwa lugha ya kisomi, mpaka vikakaribia 500. Kitabu chake kinaitwa Liaozhai Zhiyi, yaani maajabu yaliyoandikwa katika chumba cha kusomea cha Liaozhai. Watu walikinakili kwa mkono na kupeana. Kilipigwa chapa mwaka 1766, mwandishi akiwa kaburini kwa zaidi ya miaka 50. Kimezaa filamu nyingi: A Touch of Zen ya King Hu, A Chinese Ghost Story ya mwaka 1987, na hii tunayoizungumzia. Mara nyingi mwishoni mwa kisa Pu alizoea kuongeza maneno yake mwenyewe, kama mhubiri anayefunga mahubiri kwa fundisho. Tutayahitaji maneno hayo baadaye.

Kisa chenyewe

Mtu mmoja wa Taiyuan, wa ukoo wa Wang, alitoka alfajiri akakutana na msichana anayetembea peke yake, amebeba furushi. Msichana akamwambia kwamba ameuzwa na wazazi wake kuwa suria katika nyumba ya tajiri, mke mkubwa akamtesa, naye ametoroka. Wang akamhurumia, au tuseme akamtamani, maana mambo hayo mawili mara nyingi huvaa nguo zinazofanana. Akampeleka katika chumba chake cha kusomea na kumficha humo siku kadhaa.

Baadaye alimdokezea mkewe, ambaye kisa kinamtaja kwa jina la ukoo wake, Chen. Mke hakupiga kelele. Alimshauri amwondoe, akihofu kwamba huenda kweli ni mtu wa nyumba ya wakubwa na ataleta balaa. Wang hakusikia.

Siku moja sokoni akakutana na mtawa wa dini ya Kitao. Mtawa alimtazama akashtuka, akamuuliza amekutana na nani, maana mwili wake umezingirwa na uovu. Wang akakana. Mtawa akaondoka akishangaa jinsi mtu anavyoweza kukikaribia kifo bila kuamka. Wang akaanza kuwa na mashaka kidogo. Kisha akajituliza kwa wazo ambalo sisi tunalifahamu sana: huyu naye anajitafutia chakula tu kwa kutisha watu.

Alipofika nyumbani akakuta mlango wa chumba umefungwa kwa ndani. Akapita penye ukuta uliobomoka, akanyatia mpaka dirishani, akachungulia. Ndani alimwona pepo mwenye uso wa kijani na meno kama ya msumeno. Ametandaza ngozi ya mtu kitandani, ameshika brashi, anaichora. Alipomaliza akaiinua, akaikung'uta kama mtu akung'utavyo nguo, akaivaa. Papo hapo akawa msichana.

Wang alitoka akitambaa. Akamtafuta mtawa, akapiga magoti. Mtawa akampa usinga autundike mlangoni. Usiku pepo alikuja, akauona, akasita, akasaga meno na kwenda zake. Baada ya muda akarudi. Hakuwa tayari kukitema kilichokwisha kuingia kinywani mwake. Akauvunja usinga, akapanda kitandani, akampasua Wang kifua, akachukua moyo, akaondoka.

Mtawa alipopata habari alikasirika, akamsaka pepo na kumkuta amejificha katika nyumba ya ndugu wa marehemu akijifanya kikongwe anayeomba kazi. Akampiga kwa upanga wa mti, ngozi ikaanguka, pepo akawa moshi, moshi ukavutwa ndani ya kibuyu. Filamu nyingi zingeishia hapo. Pu Songling hakuishia hapo, kwa sababu Wang bado ni maiti na mkewe bado analia.

Chen aliangukia miguuni pa mtawa akimwomba amfufue mumewe. Mtawa akasema hana uwezo huo, ila sokoni kuna mwendawazimu anayelala kwenye uchafu. Aende kwake amsihi, na hata akimtukana asikasirike. Chen akaenda, akitambaa kwa magoti, mbele ya macho ya watu. Mwendawazimu akamcheka, akamwambia atafute mwanamume mwingine. Akampiga kwa fimbo. Watu wakajazana kutazama kama ukuta. Kisha yule mtu akakohoa kohozi kubwa mkononi, akamwamuru alile. Chen akaona haya, akasita, akakumbuka maneno ya mtawa, akameza. Likashuka kwa shida, likakwama kifuani kama pumba ngumu. Mwendawazimu akainuka akaenda zake akicheka, wala hakuonekana tena.

Chen akarudi nyumbani amefedheheka, hana mume wala heshima. Akaanza kuuosha mwili wa marehemu huku akilia kwa sauti. Alipokuwa akilia akahisi kichefuchefu. Kilichokwama kifuani kikatoka ghafla, kikadondoka ndani ya kifua kilichopasuka cha mumewe. Kumbe ni moyo, wenye joto, unaodunda. Akalibana jeraha kwa mikono yake, akalifunga kwa hariri. Alfajiri Wang akafumbua macho. Akasema alikuwa kama ndotoni, na kwamba anasikia maumivu kidogo tu. Penye jeraha palibaki gamba la ukubwa wa sarafu, nalo likapona.

Somo tunalolikimbilia

Mtu wa kanisani akisikia kisa hiki, somo la kwanza linamjia bila kuitwa: jihadhari na sura. Na ni kweli. Bwana alimwambia Samweli kwamba wanadamu hutazama umbo la nje, bali Yeye huutazama moyo (1 Samweli 16:7). Yesu aliwalinganisha wanafiki na makaburi yaliyopakwa chokaa (Mathayo 23:27). Paulo alionya kwamba hata Shetani huweza kujifanya malaika wa nuru (2 Wakorintho 11:14).

Lakini somo hilo lina hatari yake: linatufanya tumtafute pepo kwa wengine. Tunatoka ibadani tukiwa na macho makali, tunamchunguza binti mgeni wa kwaya, mfanyakazi wa nyumbani, mke wa pili wa jirani. Pu Songling hakuelekeza kidole huko. Katika maneno yake ya mwisho anamshangaa Wang. Pepo alikuwa pepo waziwazi, akaonekana mzuri. Neno la mke lilikuwa la uaminifu, likaonekana upuuzi. Mtu huyu hakudanganywa na ngozi peke yake. Alidanganywa na tamaa yake, nayo ilitangulia kufika kabla ya pepo.

Tuhesabu: mke alimwonya, mtawa alimwonya, moyo wake mwenyewe ulianza kumwonya. Yote matatu aliyapa majina mengine. Mke aliitwa mwoga, mtawa akaitwa mchumia tumbo, shaka ikaitwa mawazo tu. Vivyo hivyo Pilato. Akiwa ameketi kwenye kiti cha hukumu, mkewe alimtumia ujumbe asimguse yule mwenye haki (Mathayo 27:19). Pilato aliupokea ujumbe, kisha akaagiza maji ya kunawa.

Tena tutazame alivyokimbia baada ya kuona. Wang alimwogopa pepo. Hakuna mahali kisa kinasema aliiogopa dhambi yake. Aliomba kinga ya kutundika mlangoni. Wangapi kati yetu dini yetu ni usinga wa mlangoni? Tunataka maombi ya ulinzi, mafuta, maji, kitambaa, ili matokeo ya tunayoyafanya yasitufikie. Kuacha tunayoyafanya ni habari nyingine. Na kama ilivyokuwa kwa Wang, usinga huvunjwa, kwa sababu aliyeletwa ndani kwa hiari hafukuzwi kwa kitu kilichotundikwa nje.

Aliyemeza

Sasa tuje kwa Chen. Hakumleta msichana nyumbani. Alishauri vizuri. Hakufanya kosa lolote. Lakini aliyetambaa sokoni ni yeye, aliyepigwa fimbo ni yeye, aliyemeza uchafu mbele ya watu ni yeye. Mume alifurahi, mke akalipa. Pu Songling aliliona hilo, akalisema mwishoni: mume alimtamani mwanamke mwingine, na mkewe ndiye aliyekula mate ya mtu. Kwake hiyo ilikuwa njia ya mbingu ya kurudisha malipo.

Hapo Mkristo na mwandishi huyu tunaachana. Lakini kabla ya kumhukumu Mchina wa karne ya 17, tujiangalie. Ni mara ngapi kisa hiki kinachezwa upya katika ofisi za makanisa yetu? Mume ametembea nje, ameleta aibu, pengine na maradhi. Mke anakuja kwa wazee wa kanisa akilia. Anaambiwa nini? "Mama, vumilia. Mwanamke mwenye hekima huijenga nyumba. Meza tu, mwanangu, ndoa ni msalaba." Yeye ndiye anaombewa apate roho ya upole. Yeye ndiye anashauriwa ajitazame alikosea wapi. Mwenye kosa haitwi, au akiitwa anapewa soda, na mazungumzo yanageukia mchango wa ujenzi.

Si ndoa peke yake. Binti wa shule akipata mimba, mara nyingi aibu huvaa yeye, na aliyemharibia maisha anaendelea kukaa mstari wa mbele. Mhasibu akikataa kusaini hesabu za uongo, anaonekana yeye ndiye mwenye pepo la ukaidi. Ni kama Peirong wa kwenye filamu: aliyeuona ukweli ndiye anayeishia kuonekana shetani, na mwenye ngozi ya kuchorwa anaendelea kupewa kiti.

Ndugu zangu, Injili inasema nini juu ya mate? Katika sura ileile ya Mathayo ambayo mke wa Pilato alipuuzwa, askari walimtemea Yesu mate na kumpiga kichwani kwa mwanzi (Mathayo 27:30). Watu walisimama wakitazama. Yeye ambaye hakuwa na kosa aliibeba fedheha ya wenye makosa, tena kwa hiari yake, ili sisi tuliokufa tupate moyo unaodunda. Kikombe hicho kimekwisha kunywewa. Hakuna mwanamke wala mtoto wala mfanyakazi anayepaswa kulazimishwa kukinywa tena kwa niaba ya mtu mwingine anayekwepa toba yake.

Naomba nisieleweke vibaya. Upendo unaosamehe upo, na Chen anatuonyesha jinsi upendo unavyoweza kushuka chini. Kuna wake na waume wanaosamehe mambo makubwa, na nyumba zao zimepona. Lakini msamaha hutolewa na mwenye moyo wake, hautolewi na kikao. Na anayepigwa nyumbani hastahili kuambiwa amalizie sala arudi akapigwe tena. Kazi ya kwanza ya kanisa ni kumweka mahali salama. Ya pili ni kumwita aliyepiga.

Alfajiri ya Wang

Kilichobaki ndicho kinachonisumbua zaidi. Wang anafufuka, na neno lake la kwanza ni kwamba alikuwa kama ndotoni. Maumivu kidogo. Gamba kama sarafu. Basi. Kisa hakituambii kwamba aliuliza moyo huu umetoka wapi. Hakituambii kwamba alimshika mkewe mikono akasema asante au nisamehe. Amepata moyo, lakini hatujui kama amepata toba.

Yesu aliponya wakoma kumi, akarudi mmoja (Luka 17:11-19). Tisa walipona kweli, ngozi zao zilikuwa safi. Walichokosa ni kurudi. Daudi, kwa upande mwingine, alipowekewa dhambi yake mbele ya macho na nabii Nathani, hakusema alikuwa ndotoni. Alikiri kwamba amemkosea Bwana (2 Samweli 12), na Zaburi ya 51 inatunza ombi lake la kuumbiwa moyo safi. Zakayo naye hakuishia kumkaribisha Yesu mezani. Alisimama akataja mali, akataja aliowadhulumu, akaahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8).

Tunaipenda sana ahadi ya Ezekieli 36:26, kwamba Mungu atauondoa moyo wa jiwe na kutupa moyo wa nyama. Tunaidai katika maombi. Ni wachache wanaoendelea kusoma mpaka mstari wa 31, ambapo baada ya moyo mpya watu wanakumbuka njia zao mbaya na kuchukizwa na maovu yao wenyewe. Hiyo ndiyo dalili kwamba moyo mpya umeshika. Moyo wa jiwe hausikii uchungu wa mtu mwingine, lakini moyo wa nyama unauliza: nani aliumia ili mimi niwe hapa?

Basi wiki hii, kila mmoja wetu aulize swali hilo nyumbani kwake. Yupo mtu aliyemeza aibu yako. Pengine ni mke aliyewaficha watoto ukweli ili wakuheshimu. Pengine ni mume aliyelipa deni ulilolikopa kwa siri, au mama mzee aliyekuombea radhi kwa ukoo mzima. Usimwambie kwamba yamepita, au kwamba shetani ndiye aliyefanya. Mtaje kosa kwa jina lake, mwombe radhi, na kama kuna cha kurudisha, kirudishe.

Na wewe uliyemeza, ujue kwamba Bwana aliona. Yeye mwenyewe aliwahi kusimama mahali hapo, mate usoni, watu wakimtazama. Hakuoni kama mjinga aliyevumilia bure, wala hakudai uendelee kumeza. Njoo ulie mbele zake kwa sauti, kama Chen alivyolia. Kilichokukwama kifuani si lazima ubaki nacho.